Mwiko wa Nesi Matilda

Evarista alikuwa akikunja pembe za shuka katika wodi ya wanaume asubuhi ile Sekela alipofika hospitali. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Uyole mwezi wa sita haina adabu, inaingia mifupani bila kupiga hodi. Nesi Matilda alipita nyuma ya wanafunzi wake akivuta kila pembe kwa kidole kimoja. Shuka likichomoka, kitanda kizima kinatandikwa upya, mgonjwa akiwa juu yake, na mgonjwa huyo hutakiwa aseme asante.

Hospitali hiyo ilikuwa ya misheni na siku hizi haipo tena. Ilikuwa nyumba moja ndefu ya matofali: mbele wanaume, nyuma wanawake, na ujia mmoja uliopita katikati ya vitanda vya wanaume. Mwanamke aliyekuja kujifungua alitembea kwanza mbele ya wanaume wote wa wilaya waliovunjika miguu. Ulikuwepo mlango wa nyuma, mzuri, wa mninga, lakini ulifungwa tangu yalipopotea mablanketi. Ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Nesi Matilda kwa uzi mgumu.

Nesi Matilda alikuwa Mbena wa Njombe, mwanamke wa kwanza kupewa cheo pale. Ni yeye aliyekwenda Ilula kumtafuta Evarista. Aliketi kwenye kigoda nyumbani kwao, viatu vyake vyeupe vikiwa havina hata chembe ya vumbi, akamwambia baba mtu, "Nipe huyu binti. Nitamrudisha akiwa mtu." Baba alivitazama vile viatu akakubali. Evarista alimpenda Nesi Matilda kama binti anavyompenda shangazi anayemwogopa, akamwita mama, naye akaitwa mwanangu.

Kujifunza unesi kulimtesa na kulimpendeza kwa pamoja. Alijifunza kushika kifundo cha mkono wa mtu na kuyasubiri mapigo mpaka yaje yenyewe chini ya kidole. Mtoto mmoja wa Kisafwa aliyeletwa na kichomi, amekauka midomo, aliamka siku moja akamcheka kwa sababu kofia yake ilikuwa imekaa upande, na Evarista akashinda siku nzima hahisi miguu kuuma. Wapo pia waliokufa. Kwa hao Nesi Matilda alikuwa na sheria moja: nesi halii wodini. Wanafunzi walikwenda kulia katika chumba cha mashuka, na wagonjwa walizoea kulalia mashuka yenye chumvi.

Sekela alikuja na mama mkwe wake, wameteremka kwenye lori lililotoka Tukuyu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Alipanda ngazi za mbele vizuri tu, mkono mmoja kiunoni, mpaka aliposikia mtu anakohoa ndani. Alikijua kikohozi kile, ila hakujua kwamba njia ya wanawake inapita humo humo. Akavuta kanga akajifunika kichwa chote, akageuka, akateremka ngazi.

Aliyekohoa ni Mzee Mwaisumo, baba mkwe wake. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori, alipokuwa amekalia mikungu ya ndizi, na sasa mguu wake ulining'inizwa kwa kamba na mfuko wa mawe. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, ni mwiko: mke wa mtoto hamwoni baba mkwe, wala hapiti alipo. Akimkuta njiani huingia porini ampishe, hata kama pori lina siafu. Binti aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo kwa kulazimishwa, miguu yake yenyewe inakataa.

Mzee Mwaisumo alimwona kwa dirisha akigeuka, akaelewa. Hakuwa mtu mpole. Alipiga kelele wodi nzima ikaamka.

"Nesi! Mnitoe nje!"

"Mguu wako umefungwa kwenye kitanda, baba," alisema Nesi Matilda.

"Basi toeni hii kitanda!"

"Leo Daktari anapita. Vitanda vinakaa kwenye mstari."

Mzee akavuta blanketi akajifunika mpaka utosini. "Haya, nimejifunika! Mwambieni mimi nimekufa, apite!"

Lakini aliyekufa anayesema hivyo hadanganyi mtu, na Sekela alikwisha kuzunguka nyumba. Mama mkwe alimfuata Evarista mlangoni akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwanangu, tufungulie kule nyuma tu. Ukuta ukiwa katikati, si neno. Ndaga fijo, asante sana."

Evarista alikwenda mbio. Nesi Matilda alikuwa akipanga vikombe vya chai ya Daktari.

"Mama, tumfungulie mlango wa nyuma. Baba mkwe wake amelala humu."

"Mlango ule haufunguliwi."

"Uchungu umemkolea, mama."

"Basi aingie. Mimi sijamzuia. Mlango wa mbele uko wazi, huoni? Nikimfungulia mmoja kwa mila zake, kesho kila kabila litataka mlango wake. Hapa ni hospitali, mwanangu, siyo migombani."

Na kweli mlango wa mbele ulikuwa wazi. Hilo ndilo lililomuuma Evarista kuliko yote, kwamba hakuna neno hata moja hapo lililokuwa uongo. Alichukua beseni, kitambaa na mkasi, akatoka bila ruhusa.

Sekela alizalia kwenye majani yenye umande, mgongo ameuegemeza kwenye mlango uliofungwa. Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia kwa nguvu kabla hajashikwa vizuri. Evarista alicheka kwa sauti, mikono imejaa, hajawahi kushika kitu chenye moto namna ile. Kisha damu ikaja, ikakataa kukoma. Alimkanda tumbo kama alivyofundishwa. Aligonga mlango kwa ngumi. Kwa ndani viatu vilipita vikienda wodini, na sauti ya Nesi Matilda ikasema, bila hasira, "Wanafunzi hawagongi."

Sekela alikufa Daktari akiwa bado anakoroga chai. Baadaye Daktari aliuliza kulikuwa na nini huko nyuma.

"Mgonjwa alikataa matibabu," alijibu Nesi Matilda.

Daktari alisema ni jambo la kusikitisha, watu hawa na mila zao, akapanda gari lake akaenda.

Evarista alimwosha Sekela, akamfunga taya, akamnyoosha mikono, akafanya yote kama alivyofundishwa na yule yule. Hakwenda chumba cha mashuka. Kilichokuwa kifuani mwake hakikuwa kilio. Ilikuwa chuki, na ilimkaa vizuri kuliko kofia. Alitaka kitu kimoja tu: Nesi Matilda afungue ule mlango, asimame pale, aseme mbele za watu, "Nilikuwa na ufunguo." Mpaka hapo hakuna kusameheana.

Akaenda kumpa habari Mzee Mwaisumo. Mzee alikuwa bado ndani ya blanketi.

"Amekwenda?" aliuliza humo ndani.

"Amekwenda, baba. Mtoto yupo. Bibi yake amembeba."

Blanketi lilitikisika, kisha likatulia, mzee akafunua uso. Macho yalikuwa mekundu na yamekasirika.

"Ule mwiko wake kwangu nimebaki nao," alisema. "Alikuwa mtoto mzuri, ameushika mpaka mwisho. Sasa hauna mtu. Kitu kama hiki hakiachwi kizurure tu, lazima kipewe mwenyewe. Nani alikuwa na ufunguo?"

Evarista angeweza kusema ni sheria ya hospitali. Angeweza kusema hajui.

"Matilda binti Sedekia, wa Njombe, nesi mkuu wa hapa," alisema. Alilitaja na jina la baba mtu ili mwiko usije ukapotea njia ukamwangukia Matilda mwingine.

"Haya," alisema mzee. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake asubuhi Nesi Matilda alishika mkono wa mgonjwa wa kitanda cha kwanza kuhesabu mapigo, akakuta hayapo. Yalikuwa yamempisha. Yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Alipoweka kidole kwenye kiwiko yakapanda begani, na mwisho yakajificha kwapani, mgonjwa akicheka kwa kutekenywa. Alimpelekea wa pili kipimajoto, zebaki ikashuka mpaka chini kabisa ikakaa imejikunyata. Alitaka kunawa, na maji yote katika beseni yakahamia upande wa pili yakasimama huko, yamempa mgongo.

Wagonjwa waliyatazama haya kama watu wanaotazama mvua. "Yanamheshimu," alisema fundi mmoja wa Kisafwa. Mzee Mwaisumo alijibu kwamba hata maji yana wazazi walioyafunza.

Kofia haikukubali kukaa kichwani pake, ikabidi aifunge kidevuni kwa utepe. Manyunyu yaliponyesha yalimwacha katikati ya duara kavu, akawa anatembea nalo kutoka jikoni mpaka ofisini. Ufunguo wenyewe ulivuta uzi wake kuelekea nje, kama ndama anayetaka kukata kamba. Na chakula kilimkimbia. Ugali ulisogea pembeni mwa sahani, na uji ulipanda ukingo wa kikombe ukamwagikia upande wa pili.

Evarista alifurahi. Tusimfichie, alifurahi kwa meno yote thelathini na mawili. Aliamka mapema ili asikose kuona Nesi Matilda akivaa viatu vilivyokuwa vinarudi nyuma. Nesi Matilda hakulalamika wala hakuuliza kwa nini. Alikaza uso akapiga mahesabu yake kichwani, akagundua kwamba kitu kikiwa mikononi mwa Evarista kinatulia. Kwa hiyo alimwita.

"Utanilisha," alisema. "Ni sehemu ya mafunzo."

Basi Evarista akawa anamlisha nesi mkuu wake, kijiko kwa kijiko, katika chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Ukimlisha mtu unamwona karibu. Aliona mvi zilizofichwa chini ya kofia, aliona mdomo unavyotetemeka kabla ya kijiko kufika, kwa njaa. Kuna siku moyo wake ulitaka kulegea, akaukumbusha majani yale na umande ule, ukajirudi.

"Fungua mlango, mama," alisema siku moja, kijiko kikiwa hewani. "Fungua, useme ulikuwa na ufunguo. Yataisha."

"Uji unapoa."

"Utapoa."

Nesi Matilda alikuwa amemfundisha kwamba nesi hamnyimi mgonjwa chakula kwa hasira. Evarista hakumnyima. Ila kuanzia siku hiyo alimlisha uji ukiwa umepoa hasa, umeshika utando juu.

Kilichomshangaza Evarista, na labda ndicho pekee kilichomshangaza, ni Daktari. Daktari alikuja kupitia wodi, Nesi Matilda akatembea ubavuni pake kama kawaida, na kila kitanda walichofika homa ilimpisha Nesi Matilda. Ilitoka kwa mgonjwa, ikasimama pembeni karibu na dirisha, ikangoja. Zebaki ilishuka. Nzi waliondoka kwenye vidonda. Walipopita kitanda cha pili, homa ilirudi ikalala mahali pake, na mgonjwa akaanza tena kutetemeka nyuma ya migongo yao. Daktari hakugeuka nyuma. Alisema hajawahi kuona wodi isiyo na homa katika Jimbo zima.

Wagonjwa waliendelea kufa kwa kiasi kile kile, lakini katika siku ambazo Daktari hakuwepo.

Mwishowe njaa ya kulishwa uji baridi ilimchosha Nesi Matilda. Mchana mmoja wa jua alitoka nje, akapita kwenye majani, akausogelea mlango wa nyuma. Evarista aliacha mashuka kwenye kamba akamfuata. Wagonjwa walijaa madirishani. Evarista akajiambia, leo ndiyo leo.

Nesi Matilda aliukamata ufunguo unaovuta, akaunyoosha kwenye tundu. Mlango ukajisogeza. Haukwenda mbali, kiasi cha tofali moja tu, kwa adabu. Alisogea, nao ukasogea. Aliongeza mwendo, nao ukateleza ukutani mpaka kwenye kona, ukakata kona, ukaenda. Nesi hakimbii, kwa hiyo alitembea haraka, na mlango ukamzungusha nyumba nzima, ukipita chini ya madirisha ya wanaume, ambako Mzee Mwaisumo alijifunika blanketi aupishe.

"Uko huku jikoni!" aliita mpishi, kwa nia njema.

Ulipofika tena upande wa nyuma, Nesi Matilda alisimama. Jasho lenyewe lilikuwa linamkimbia, likiruka kutoka kwenye paji lake. Evarista alinyoosha mkono.

"Nipe mimi ufunguo, mama. Mimi haunikimbii."

Nesi Matilda aliutazama mkono ule. Aliutazama mlango, uliokuwa umesimama karibu na pipa la maji, unangoja. Evarista aliona kabisa kwamba anataka kumpa. Vidole vilianza kufungua fundo la uzi.

Kisha vikaacha.

"Mwanafunzi hashiki ufunguo," alisema Nesi Matilda. Akashusha kofia yake vizuri, akaongeza, kana kwamba ameulizwa, "Mgonjwa alikataa matibabu." Akaingia ndani kwa mlango wa mbele.

Kabla ya mwaka kwisha, Daktari alimpendekeza kwa wakubwa. Nesi ambaye wodi yake haina homa wala nzi hastahili kukaa Uyole. Shule ya manesi ilikuwa inafunguliwa kule Iringa, ikahitaji mkuu. Alisafiri kwa basi la relwe, yaani la shirika la reli, Evarista pembeni yake na kijiko kwenye mkoba, kwani wanafunzi wa mwaka wa mwisho walihamishwa pamoja naye. Vumbi la barabara kuu lilimpaka kila abiria mpaka kope, dereva na Evarista wakiwemo. Nesi Matilda aliteremka Iringa mweupe kama alivyopanda. Wakubwa waliokuja kumpokea walisema, huyu kweli ni nesi.

Ofisini hakuhitaji kushika kitu. Alisema, wengine wakafanya. Alifundisha pembe za shuka kwa maneno, na wasichana kutoka Kilolo mpaka Rungwe wakazijua. Siku ya kuhitimu alipewa kila cheti amkabidhi mwenyewe, na kila cheti kilimruka kikaenda moja kwa moja mikononi mwa aliyeitwa. Wageni walipiga makofi kwa utaratibu mzuri ule. Serikali ilimpa nishani. Nishani haikukubali kukaa kifuani, ikabandikwa kwenye pazia nyuma ya kiti chake, na picha ilitoka vizuri.

Evarista alimwachia kijiko mwanafunzi mwingine, akarudishwa hospitali ya Uyole akiwa nesi kamili, na alikuwa nesi mzuri. Mapigo ya watu yalikuja mbio chini ya kidole chake. Mlango wa nyuma ulikuwa umerudi mahali pake, umepauka, umefungwa. Alikwenda kwa nesi mkuu mpya, Benedicta, waliyesoma naye, akaomba ufunguliwe.

"Ufunguo anao Nesi Matilda, Iringa," alisema Benedicta. "Na ametoa amri, milango ya nyuma ifungwe hospitali zote. Mimi nifanyeje, dada? Mlango wa mbele si upo?"

"Tuuvunje."

"Ukivunja, kazi huna. Halafu nani atawatoa hawa nje majanini?"

Kwa hiyo Evarista alizalisha nje. Alipigilia turubai kwenye ukuta, akachimba mfereji maji yasiingie, akaweka jiko la mkaa. Wakwe wa watu walijua mahali, walizunguka nyumba moja kwa moja wamejifunika vichwa. Wengi walipona. Wengine hawakupona, na kwa kila asiyepona alisimama kidogo akiuegemea ule mlango, akamtukana Nesi Matilda kwa Kihehe cha kwao, polepole, bila kuruka neno.

Mzee Mwaisumo alimjia msimu wa mvua, anachechemea, fimbo mkononi. Walisalimiana, akakaribishwa kwenye benchi la mbele.

"Nimezeeka," alisema. "Ule mwiko bado uko kwake, lakini kamba yake naishika mimi. Nikifa nayo, sijui itakuwaje. Nimekuja kukuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye ulitaja jina. Niufungue? Mwanamke ale mwenyewe, anawe uso?"

"Amesema alikuwa na ufunguo?"

"Mimi sijasikia."

"Ametoa amri mlango ufunguliwe?"

"Wewe ndiye unakaa hapa."

Evarista aliangalia mikono yake. Alimkumbuka akiwa na njaa, mdomo wazi, kama kinda. Alimwonea huruma, na huruma haikubadilisha kitu.

"Usiufungue, baba," alisema. "Ila usife nao. Nipe mimi niushike."

Mzee alimtazama kuona kama ni mtu wa kuaminiwa na kitu cha namna hiyo. Akaingiza mkono katika koti lake, akautoa, akaufumbua juu ya kiganja cha Evarista. Mwiko haukuwa na uzito mkubwa. Evarista aliutia kwenye mfuko wa aproni, akafunga kifungo, kisha akachukua beseni la maji ya moto, kwa sababu kule nyuma kulikuwa na mwanamke ameketi majanini, na mvua ilikuwa imeanza.